Miti Yako Ndiyo Iliyopika Matanga Yako

Mama,

Leo nimeuza gunia la makala, haya makaa yetu ya kupikia, lililotoka mbali, kupita Kinsevere. Aliyelileta alilisukuma kwa baiskeli akalala njiani, na aliponitajia alikolitoa nilijua ungekunja uso. Ulipoanza biashara hii makala ilichomwa ng'ambo tu ya mto Naviundu, na shoka tulilisikia tukiwa jikoni. Sasa huko hakuna shoka, maana hakuna mti. Nilikaa nalo mlangoni kutwa nzima nikiwapimia watu kwa mkebe, na hasira haijanitoka mpaka saa hii ninapokuandikia.

Nataka nikueleze yaliyotokea baada ya wewe kufumba macho. Watu husema marehemu anaona kila kitu. Mimi naomba uwe hukuona.

Lakini kwanza acha nikumbuke mazuri, nisije nikaandika matusi matupu. Baba alipofariki, kazi yake ya shaba ilikwenda naye, na unga wa poso aliopewa kazini ukakatika mwezi uleule. Ukaingia kwenye makala kama wajane wengine. Tofauti yako ni kwamba wao waliangalia gunia, wewe ukaangalia lilikotoka. Kila kiangazi ulimwuliza mchomaji amekata wapi, na kila kiangazi alitaja mahali pa mbali zaidi. Ndipo ukaenda Kasapa kwa miguu, kwenye ile mikaratusi mirefu ya barabarani, ukaokota mbegu zake ukazifunga kwenye pembe ya kitenge. Ulizipanda katika mikebe ya maziwa. Nyumba nzima ilijaa mikebe, hata chini ya kitanda changu, nami nilinung'unika sana.

Miche ilipohamia kwenye kiwanja nyuma ya nyumba, majirani walipata la kuchekea. "Mama Ngoie iko napanda makala." Ulikuwa unawajibu bila kuinua kichwa: "Ndiyo, niko napanda. Mweye muko namaliza pori." Ulipenda sana kuchokozana nao, mama. Tangu uondoke hakuna anayewajibu hivyo.

Na siku ya kuvuna mstari wa kwanza uliniita nishike panga. Ulipima kwenye mguu wangu mwenyewe, ukaweka kiganja chako juu ya goti langu. "Kata hapa, mama. Ukikata chini unaua. Ukikata mu magoti, itarudia." Ukanionyesha kukata kwa mshazari, maji ya mvua yasituame juu ya kisiki. Sikuamini. Mvua zilipoanza, visiki vyote vilikuwa vimetoa machipukizi, nawe ukayapunguza ukiacha moja kila kisiki, ukiimba wimbo wa kanisani kwa sauti mbaya. Mpango wako ulikuwa kukata mstari mmoja kila mwaka, na tukifika wa mwisho, wa kwanza uwe umekomaa tena. Uliwaahidi wanawake wenzako wa sokoni kwamba kila mmoja atapata mstari wake. "Kama kila mutaa iko na shamba yake ya makala," ulisema, "pori itapumuzika." Ulisema hivyo ukichambua maharage, ukaendelea kuchambua.

Basi akaja mkubwa wa mtaa wetu, mtu wa Chama, yule tuliyelazimika kumwita citoyen, raia, badala ya bwana. Alikuja siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, na wageni kutoka mjini, akatembea kati ya miti yako mikono nyuma, akawaambia watu waliokuwa wanafyeka majani wakupigie makofi. Aliahidi uzio. Aliahidi miche zaidi, na mtu wa kulinda. Kilicholetwa ni kibao. Mbao nene, kavu, imepakwa rangi ya kijani na jina la Chama, na chini yake maneno: SHAMBA LA MFANO. Ulikipangusa vumbi kila Jumamosi. Nilikuonea huruma, na wewe ulidhani nakuonea wivu.

Kisha homa. Sitaiandika homa.

Mwili wako ulipoletwa kutoka hospitali uwanja ulijaa kabla hata sijavaa kitambaa cha kichwa. Walikuja wa sokoni, walikuja wa kanisani, walikuja watu wa kwenu wote. Watu wa matanga wanataka kula na wanataka moto wa kuota mpaka asubuhi, hilo silikatai. Nilikuwa nimeshaweka magunia matatu ya makala kando kwa ajili hiyo. Lakini mjomba, kaka yako mkubwa uliyemwita yaya, alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi akisema: "Kuni iko tu hapa. Tunatafuta nini kwingine?"

Nilisimama, mama. Nataka ulijue hili. Nilimwambia, mbele ya watu, kwa heshima: "Muyomba, lete panga, nikate miye. Nitakata mu magoti." Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Mu kilio ya mama yako," akasema, "unahesabia bantu kuni?" Halafu mama mmoja wa ukoo, sitamtaja, akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika kwamba mtoto anayebana kuni za kumlilia mama yake, labda anajua mama alikufa na nini. Unajua neno hilo, la uchawi, linakowapeleka watu mjini humu. Shangazi mmoja alinivuta kitenge nikaketi.

Walikata kwa shoka, chini kabisa, wakigusa udongo. Usiku uliofuata mtu akagundua kwamba kisiki kibichi kinashika moto polepole mpaka alfajiri, basi wakaleta majembe na sururu, wakachimbua vyote pamoja na mizizi. Miaka yako yote. Kuni mbichi zilitoa moshi mzito ukajaa uwanjani, na kila mtu alikuwa anafuta macho. Nilishindwa kujua nani anakulilia wewe na nani analizwa na moshi.

Citoyen alikuja siku ya kuzika. Alisimama kando ya moto kwa sababu asubuhi ilikuwa ya baridi, akainyoosha mikono yake aote moto, akahutubia. "Citoyenne huyu alipenda miti kupita siye bote." Watu wakaitikia. Nilitazama mikono ile juu ya moto ule, nikatamani kucheka, na kama ningecheka wangesema nimeongeza wazimu juu ya uchawi.

Na unajua kitu gani hakikuguswa? Kibao. Mbao pekee iliyokauka vizuri uwanjani kote, na hakuna aliyethubutu hata kuitazama. Walichoma mti mbichi wa marehemu wakaacha mbao ya Chama. Mpaka leo imesimama, shamba la mfano, na nyuma yake ni mashimo tu, kwa sababu mjomba alikichukua kile kiwanja kwa jina la ukoo akawapa wafyatua matofali. Mvua ya mwaka huu ilibeba udongo wote wa juu ukaingia mtoni. Wanawake wako wa sokoni wakipita hapo wanaongeza mwendo. Nami nauza makala ya pori, ile uliyoapa kwamba siku moja tutaiacha. Watoto wangu wanakula kwayo. Naona aibu kukuambia, ila nani mwingine nitamwambia.

Miti mitatu ilipona, ile iliyo karibu na mlango wa nyuma. Usidhani waliihurumia. Kamba za turubai la matanga zilifungwa hapo, na wazee walihitaji kivuli. Nimeitunza. Mmoja una alama ya kamba ambayo haitafutika, lakini unakua.

Sasa sikia. Mjomba anaumwa. Miguu imevimba, hatoki tena ndani. Jumapili wanawe walikuja kunisalimia, wakakaa, wakanywa chai yangu, na wakati wa kuaga waliinua macho wakatazama ile miti mitatu, mmoja baada ya mwingine. Nilielewa. Kwake hakuna hata kichaka, na matanga yake yatataka moto.

Nimewaza kuwafungia mlango. Nimewaza hivyo kwa furaha kabisa, sikufichi. Nimewaza kumwambia kila atakayekuja aende akang'oe kibao. Kisha nakumbuka kiganja chako gotini kwangu, na kwamba kazi yako yote ilikuwa watu wapate moto na mti ubaki. Ulinifundisha kukata. Kunyima hukunifundisha.

Lala, mama. Kaburi lako nimelifagia, na sikupanda ua juu yake, maana najua ungeuliza linapika nini. Ninakuahidi hivi. Wakija na shoka, watanikuta nimeshasimama pale na panga mkononi, na mara hii hakuna wa kunivuta kitenge. Nitakata mwenyewe, kwa mshazari, mahali ulipopima. Yaya wako atapata kuni za kumlilia. Visiki hapati.

Mwanao,
Ngoie