Bibi Ananisukuma Mimi, Anamkumbatia Binamu

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla wivu haujanifanyisha jambo la aibu.

Mimi ni karani kijana, naishi na bibi yangu aliyenilea, mkongwe wa karibu miaka tisini, na viganja vyake vyote viwili vimevimba, vina joto, vidole vimeanza kupinda, nasi tunasema ni uzee tu, basi kila alfajiri kabla ya kwenda ofisini namwosha na kumvisha, naye analia na kunisukuma, jana akasema, "We karani, unanivisha au unanigonga muhuri?" Lakini binamu yangu mshonaji akija adhuhuri kumbadilisha nguo, bibi anampa mikono kama bibi harusi anayevishwa pete, na nikirudi jioni ni sifa tu: "Mwenzio ana mikono ya pamba." Mimi ndiye ninayefua mashuka yake, mshauri, nimekosa nini? Sasa bibi anataka kuhamia kwa binamu, nami nafikiria kumpiga binamu marufuku nyumbani kwetu, maana nikimpoteza bibi sina mwingine.

Karani Asiyependwa

Karani, pole. Ila umenichekesha kidogo: unamwonea gere mtu kwa sababu ya saa anayofika!

Viungo vya namna hiyo huamka vimekaza kama bawaba yenye kutu, na huchukua muda kulegea. Wewe unavivuta alfajiri, jicho kwenye saa. Binamu anavikuta vimelainika. Bibi hajakukataa wewe, amekataa maumivu. Hata hiyo mikono ya pamba ingesukumwa alfajiri.

Na hilo neno "uzee tu" litupe. Dalili hizo zinafanana na baridi yabisi, ugonjwa unaowapata wakongwe wengi kuliko tunavyodhani, tena unaweza kuanza mtu ameshaota mvi kichwa kizima. Dawa zipo. Mpeleke hospitali wiki hii wampime damu, na vidonge vya kuazima kwa jirani usimpe.

Asubuhi mpe chai, mwache aloweke mikono kwenye maji ya uvuguvugu, abaki na nguo yake ya kulalia. Kumvisha mwachie binamu. Ndiyo, huyo huyo! Tena mwombe kwa adabu amshonee bibi magauni mapana yasiyo na vifungo vidogo. Ukimfukuza, utabaki na ushindi wako na bibi anayevaa kwa machozi. Habari ya kuhama mzungumze baada ya hospitali. Akitaka bado, mbebee mkoba.

Leo jioni usimuulize anampenda nani zaidi. Muulize, "Bibi, mkono upi unauma leo?" Kisha kaa chini umsikilize.