Ukuta wa Chumba cha Mama

Mwaya, Kyela
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Lusungu,

Ugonile? Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Cape Town, wewe, wifi yangu Prisca na mtoto Stella. Tunasikia baridi ya huko imeanza. Vaa sweta, usijifanye bado kijana. Sisi miili ni mizima, mioyo ndiyo bado. Kila nikipita mlangoni kwa mama nataka kupiga hodi, halafu nakumbuka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ukisikia tu jina la Mjomba Zebedayo unakata. Samsoni anasafiri kuja huko wiki hii, nimemwagiza asikupe barua mpaka uwe umekaa chini. Tafadhali isome mpaka mwisho.

Masika yameisha. Mpunga wa bondeni maji yamechukua karibu nusu, kakao imepona. Ng'ombe wa mama amezaa dume. Hatujampa jina, maana majina yalikuwa kazi ya mama.

Sasa nije kwenye lililoniketisha. Baada ya matanga tulikubaliana kuubomoa ukuta wa chumba cha mama, ule unaopigwa na mvua ya ziwani. Uliagiza mwenyewe nyumba ijengwe kwa kuta mbili zenye nafasi katikati, kama za huko unakofanya kazi, ili mvua ikilowesha ukuta wa nje maji yateremke humo katikati na wa ndani ubaki mkavu. Haukubaki mkavu. Kila masika ulitoka maji, ukaota ukungu mweusi, na mama akakohoa kando yake mpaka mwisho. Kuhama chumba alikataa. Alisema hawezi kuikimbia nyumba aliyojengewa na mwanawe.

Wewe ukasema Mjomba, fundi aliyeijenga, alilipua kazi. Siku ya maziko ukasema zito zaidi, simu ikiwa kwenye spika na wazee wote wamekaa: "Huyo ndiye aliyemuua mama. Asiguse kaburi lake."

Mjomba aliinuka mkekani, akavaa viatu, akatoka. Dada yake alizikwa yeye akiwa amesimama nje ya uzio. Nilikuwa namlilia mama, Lusungu, nikajikuta namlilia na yeye.

Tulipofungua ukuta, katikati hapakuwa na nafasi yoyote. Palikuwa pamejaa mpaka usawa wa dirisha: vipande vya matofali, mchanga, majivu, mota iliyoganda, na vigae vya kile chungu cha mama cha Ikombe kilichopasuka mwaka wa ujenzi. Vyote vimelowa chapachapa. Maji yalikosa pa kuteremkia, yakapita kwenye uchafu huo mpaka ndani. Nikasema kumbe Lusungu hakukosea, na hasira ikanipanda kama yako.

Hapo Mama Marta jirani, aliyekuja kutusaidia kubeba matofali, akakaa juu ya kifusi akaanza kulia. Akasema ni wao waliojaza, akatusimulia yote.

Mjomba alikuwa akijenga vizuri. Alining'iniza ubao mwembamba kwa kamba kati ya zile kuta, na kila akipandisha kozi chache za matofali aliuvuta juu pamoja na mota iliyoudondokea, akaufuta, akaurudisha. Chini aliacha matundu ya kutolea uchafu. Ukuta ulipofika dirishani akapata msiba wa mkwewe kule Busale, na misiba yetu unaijua, mtu haendi leo akarudi kesho. Huku nyuma mama akawa anachungulia ile nafasi, roho haitulii. Aliona nyoka watalala humo, na watu watamcheka mwanawe aliye mbali kwa kumjengea mama yake nyumba yenye uwazi ndani. Akawaita wanawake wenzake wa kanisa. Walibeba vifusi kwa ndoo huku wakiimba, wakashindilia kwa michi, na yale matundu ya chini wakayaziba kwa udongo. Mama aliwapikia wali na samaki wa mbasa. Walitaka Mjomba atoke msibani akute kazi imesogea.

Nilimfuata Mjomba kwake, nikamkuta anapalilia migomba. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Alipalilia shina moja zaidi, akaegemea jembe.

"Nilimkuta dada ananisubiri kwa furaha," alisema. "Ananiambia, ndaga, asante mdogo wangu, pumzika, tumekusaidia. Nilijua ukuta umeharibika. Ilikuwa niubomoe palepale. Nikashindwa kumwaibisha mbele ya wenzake. Hilo ni kosa langu, Atuganile, silikatai."

Nikamuuliza mbona basi siku ya maziko hakujitetea.

"Nisimame mbele ya jeneza niseme marehemu ameujaza mwenyewe?"

Sisemi hana kosa. Angeubomoa, aibu ingepita, na mama angelala pakavu. Nilimkasirikia, na hasira haijaisha yote. Lakini kazi hakuilipua, wala hakumuua dada yake. Daktari alisema mapafu ya mama yalichoka zamani kwa moshi. Ukuta ulichangia kiasi gani hatutajua, mimi wala wewe.

Wala usianze kujilaumu kwa kuleta ujenzi huo, maana nakufahamu, ndiko utakakokimbilia. Wewe ulimweleza fundi ile nafasi ni ya nini. Fundi alidhani mama umemweleza wewe. Mama hakuelezwa na mtu. Aliona pengo kwenye nyumba ya mwanawe, akaliziba kwa kila alichokuwa nacho. Ninapoliwaza hilo ndipo ninaposhindwa kula.

Shemeji yako Ezra anakusalimu sana. Shangazi Angetile anasema anakuombea, na anauliza Stella ameanza kusema Kinyakyusa au bado. Nisalimie Prisca, mwambie vitenge vya mama nimemwekea fungu lake. Mungu aliyempokea mama awafunike ninyi huko ugenini na awarudishe salama.

La mwisho. Kaburi bado ni tuta la udongo, na mvua za mwisho zimelishusha upande mmoja. Fundi Gwamaka wa hapa Mwaya amejitolea kulijengea, nimemkatalia. Mjomba ameshachoma matofali ya kaburi kwa mikono yake, ameyapanga nyuma ya nyumba, ameyafunika kwa majani ya migomba. Nimemsihi aanze. Anasema ulimkataza wewe, mbele ya watu, na wa kumruhusu ni wewe. Mpigie, Lusungu. Mama amelala kwenye udongo mtupu na mdogo wake ameyakalia matofali, anasubiri sauti yako.

Dada yako akupendaye siku zote,

Atuganile