Mwaka wa Tatu, na Shule Niliyoahidi

Jumatatu, 5 Februari 2024

Nimepata stage, mafunzo ya kazini. Kampuni ya mgodi, upande wa barabara ya Fungurume — ofisi ya uhusiano na wakazi. Promotion nzima, darasa letu lote la Uchumi na Usimamizi, tuliomba, wakachukuliwa wachache. Fifi, rafiki yangu, hakupata. Alinikumbatia nje ya auditoire, ukumbi wetu wa masomo, akasema mi ndiye ninayejua kuongea na watu, acha niende. Mama ameshawaambia majirani wote kwamba mtoto wake anaingia kampuni. Nimemwambia ni stage tu, ya kumalizia licence, shahada yangu. Hasikii. Tata, baba yangu, jioni nilimkuta anapiga kiwi viatu vyangu.

Jumatano, 14 Februari

Siku nzima fotokopi. Nilitegemea kuona usimamizi ule tunaousoma — mikakati, maamuzi. Naona watu wanatafuta ufunguo wa choo.

Mchana wamama wa mtaa wa Kando ya Reli walikuja getini. Shimo la mgodi linapanuliwa, mtaa wao utahamishwa, na hakuna aliyewaeleza kitu. Walinzi wakawa wanawafokea. Nikatoka, nikaongea nao, Kiswahili na Tshiluba kidogo, lugha ya babu zangu, kwa yule mzee zaidi. Wakatulia, wakarudi kwao. Kumbe Monsieur Rémy, mkuu wa ofisi yetu, alikuwa dirishani. Yeye ni mtu wa Kinshasa, Kiswahili hajui. Amesema kwenye réunion, mkutano na wakazi, nitakuwa mkalimani wake wa Kifaransa. Nimefurahi mpaka daftari la statistique halisomeki.

Jumamosi, 24 Februari

Réunion imefanyika uwanja wa kanisa, Kando ya Reli. Viti vya plastiki, watu mpaka nje ya uzio. Tata Kankolongo, mzee wa mtaa ule, alikaa mbele. Anaimba kwaya moja na Tata yangu. Babu zetu waliletwa pamoja kutoka Kasai kwa kazi ya mgodi. Akaniita "mwana wa Beya", kwa jina la Tata, watu wakapiga makofi — ati sasa wana mtu wao kule ndani.

Nilitafsiri vizuri. Nyumba za bati mpya: ndiyo. Lori za kubeba vyombo: ndiyo. Kisha Tata Kankolongo akasimama, akauliza kuhusu shule — masomo, kama tunavyosema hapa.

"Hapa masomo ya batoto iko karibu. Kule munatupeleka, batasomea wapi? Mi niko na Merdi, ule wa mwisho. Anapenda kalasi kupita chakula."

Monsieur Rémy akajibu kwamba kampuni "pourrait envisager" shule. Pourrait. Yaani huenda ikafikiria. Labda. Siku fulani.

Watu wote walikuwa wananitazama mi, si yeye. Jua kali. Nikasema: "Kampuni itajenga masomo kule."

Vigelegele. Monsieur Rémy akatabasamu, akaniuliza pembeni nimewaambia nini kizuri hivyo. Nikasema nimewaambia alivyosema.

Ndani ya gari wote walinisifu. Chakula cha Mama kimebaki mezani. Sina hamu nacho.

Jumatatu, 26 Februari

Nilitaka kumweleza Monsieur Rémy. Alikuwa na wageni. Kesho.

Jumanne, 5 Machi

Wakazi wamekubali kuhama. Wote. Monsieur Rémy anasema hajawahi kuona mtaa ukikubali upesi namna hii. Tata Kankolongo ndiye aliyezunguka kwa wale waliokuwa wanasita — akawaambia shule itakuwepo, mwana wa Beya amesema mwenyewe. Nimelisikia ofisini, kama habari njema, huku mtu akinimiminia kahawa.

Bado naweza kusema ukweli. Naandika ili nisijidanganye baadaye: Jumanne hii bado niliweza.

Ijumaa, 15 Machi

Stage imekwisha. Cote nzuri, yaani alama, na barua ya sifa.

Lori zimeanza leo. Nilipita na pikipiki. Mke wa Tata Kankolongo alikuwa ameketi juu ya godoro, juu ya lori, amekumbatia sufuria zake. Akanipungia mkono. Nikapunga.

Alhamisi, 11 Aprili

Kozi ya chef de travaux Philippe, mhadhiri anayesimamia ripoti yangu. Swali lake: soko linakuwaje pale upande mmoja unapojua kitu ambacho mwingine hajui? Kila mtu akawa na mfano. Wengi walitaja wachimbaji na wanunuzi: mwenye mashine ya kupima anajua kilichomo ndani ya gunia, aliyelichimba hajui. Akanigeukia, akaniita kwa jina langu la Kasai. Wewe umetoka kampuni, Mujinga, tupe mfano wako.

Nikasema sina.

Fifi alinifuata nje. Nikamweleza yote, tumesimama kwenye ukuta nyuma ya sekretariati. Hakunikemea. Aliuliza tu:

"Ulibaambia?"

"Bado."

"Na unangoja nini?"

Nikamwambia tunachelewa somo la comptabilité.

Jumapili, 19 Mei

Baada ya misa Tata aliniomba nimsindikize kumwona Tata Kankolongo. Haonekani tena kwenye kwaya, kule walikohamia ni mbali. Kiangazi kimeanza, vumbi la lori limefunika mpaka majani ya mihogo.

Nyumba ni nzuri kweli. Milango inafunga. Maji yapo. Shule hakuna. Iliyo karibu iko ng'ambo ya barabara ya lori za mgodi, na hakuna mzazi anayethubutu kumvusha mtoto pale kila asubuhi. Watoto wamekaa tu vibarazani, saa za kucheza na saa za kusoma zimekuwa kitu kimoja.

Merdi hayupo. Wamempeleka mbali, Sandoa, kwa dada wa mama yake, ili asome. Mama yake alisema siku ya safari mtoto alilia mpaka akatapika. Sasa kwenye simu haongei sana. Anajibu ndiyo, mama, ndiyo, mama, kama mgeni.

Tata Kankolongo hakunilaumu. Ndilo lililoniumiza. Alinivutia kiti, akauliza jinsi mtu anavyouliza habari za mvua:

"Mwana wa Beya, ile masomo batajenga lini? Utuulizie bakubwa bako."

Nikasema nitauliza. Tata alinitazama kwa fahari. Njia nzima ya kurudi aliimba chini chini, nami nilitamani anyamaze.

Jumanne, 21 Mei

Nimekwenda kwa Monsieur Rémy, nikamwambia nilichokitafsiri. Aliufunga mlango. Kisha akasema yeye alisema pourrait, na yuko salama, maneno yake yamerekodiwa. Si mtu mbaya. Alinipa maji. Alisema nikienda kuwaambia leo, watafunga barabara, watapigwa, na shule haitaota kwa hilo. Bora waendelee kungoja.

Nilitoka nimetulia. Sasa usiku unaingia, naona aibu kwamba nilitulia.

Jumatano, 12 Juni

Ripoti ya stage. Nilikuwa nimeandika yote: réunion, neno lile, Merdi kupelekwa Sandoa. Philippe alisoma, akavua miwani. Akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akasema jury ya utetezi haitaongea kitu kingine, na kampuni haitapokea tena mwanafunzi wetu. "Lakini jina juu ya kazi ni lako. Ukiiacha ilivyo, nitakuwa nyuma yako."

Hakuna aliyenilazimisha. Niliufuta ukurasa ule mwenyewe. Mahali pake nimeweka mchoro wa mawasiliano bora na wakazi.

Jumatano, 17 Julai

Nimetetea ripoti. Distinction, daraja la juu.

Wamenimwagia poda kichwani kama ilivyo desturi, Mama amecheza mpaka kitambaa kikaanguka. Tata Kankolongo alikuwepo. Alitoka kule kwa baiskeli, amevaa koti lake la kwaya, akakaa safu ya nyuma. Nilipofika kwenye "mafanikio ya mazungumzo na jamii" alipiga makofi peke yake, kabla ya wakati. Watu wakacheka. Yeye pia.

Saa tisa Monsieur Rémy akapiga simu. Kazi ya kudumu. Shimo linaendelea, kuna mtaa mwingine wa kuhamisha, wanahitaji mtu ambaye wakazi wanamwamini. Nijibu Jumatatu.

Fifi alisikia. Alinipongeza kama anavyopongezwa mtu wa mbali.

Jumamosi, 20 Julai

Baridi asubuhi hii. Nilikuwa naosha nywele, poda bado inatoka. Nikasikia sauti uani. Tata Kankolongo, na watu wa Kando ya Reli, na mama mmoja nisiyemjua. Nilidhani wamejua.

Hawajajua. Mama ametoa viti, anawasha makaa ya chai. Mi nimeingia chumbani, nimesema navaa. Dirisha halifungi vizuri, nasikia yote.

Yule mama anatoka mtaa unaofuata kuhamishwa. Kampuni imeanza kuwatembelea. Anasema wameahidiwa zahanati, hawajui kama waamini. Amemwendea Tata Kankolongo kwa kuwa yeye amepita njia hiyo. Naye amemleta hapa.

"Muulize ye mwenyewe," anamwambia. "Sisi tunangoja masomo, itakuja tu. Ule mutoto hawezi kudanganya batu."

Tata yangu anaitikia: ndiyo, ndiyo kabisa.

Nimevaa. Nimeketi tena kitandani. Nikitoka nitaanzia wapi — Jumanne ile ya Machi? Pourrait? Nitaisema vipi kwa Kiswahili ili safari hii isizidi alichosema —

Mama ananiita. Anasema batu banangoja, na chai iko tayari. Mlango anausukuma sasa, naacha kalamu.