Gwantwa, Picha Hii Nimeichagua Mimi

Mwaka umetimia, Gwantwa, tangu homa ya uti wa mgongo ikutoe kwetu.

Mchana ulikuwa karani kwa wakala wa forodha pale Tunduma, madereva wa malori wakikuita "dada mpole". Jioni ulikuwa uani kwako, saruji hadi viwikoni, ukijifinyanga mwenyewe. Kila sanamu ilikuwa wewe, na kila moja uliivalisha kinyago: cha ofisini, cha kanisani, cha kwa wakwe. Nywele za sanamu ulizikata kutoka kwenye tyubu kuukuu za malori.

Ukija kwetu Ikinga ulifua mashuka ya bibi yako kabla hujanywa hata chai.

Kile kinyago cha kwa wakwe ulikishona mdomo kwa waya. Nikakuambia, "Kila mwanamke anacho hicho, mwanangu. Njoo tule." Ukacheka. "Wote mnacho, mama, ila hamsemi kuwa ni kizito."

Siku ya kukuaga walikupaka poda na rangi ya mdomo. Shangazi yako Loisi akasema umependeza. Mimi nilikutafuta ndani ya jeneza nisikuone.

Sasa wanajengea kaburi lako huko Mbozi, kwa mumeo, ndiyo desturi. Msalabani wanaweka picha ya harusi, ile iliyolainishwa studio hadi kovu la juu ya jicho likafutika. Niliomba iwekwe sanamu yako. Baba mkwe wako akajibu kwa upole, "Mkwe, kaburi la Mkristo haliwekwi kinyago."

"Basi msiweke na hiyo picha," nikamwambia.

Akaagiza niletewe chai.

Pale sina sauti. Nilikuzaa, lakini hata ua la kukuwekea nitaliombea ruhusa.

Tangazo hili, hata hivyo, nalitoa mimi. Dada wa gazetini aliuliza, "Mama, huna picha ya mtu?" Nikamjibu huyo ndiye mtu. Kwa hiyo hapo juu uko wewe wa saruji: kovu lako, macho yako yaliyochoka, mkono umeshika kinyago cha bati na kukishusha hadi kidevuni. Hukuwahi kukivua chote.

Unakumbukwa na mimi mama yako, Recho, baba yako Ezron, wadogo zako Lusungu na Atupele, shangazi Loisi, na mumeo Danford, ambaye amepiga simu mwenyewe, bila kumwambia baba yake, akaomba jina lake liwe chini ya picha hii.

Hatutaacha kukukumbuka.