Koti la Mwenzangu

18 Novemba

Baba, shikamoo.

Habari za mgongo? Mama ameniandikia kwamba sasa unakaa kwenye cherehani na mto nyuma. Nimefurahi, maana mto huo niliuomba tangu niko kidato cha tatu. Mimi mzima. Mafua ya mwezi uliopita yamekwisha.

Nina mambo mawili. La kwanza, nimehama bweni. Kelele zilizidi, na maji ya moto yalikuwa yakija yakijisikia. Tumepanga chumba, mimi na mwenzangu, ghorofa ya tatu, juu ya fundi baiskeli. Mwenzangu anapika vizuri kuliko mimi, kwa hiyo yeye anapika, mimi naosha vyombo. Alfajiri anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, kisha anakwenda darasani, na akirudi ananiletea mkate ulioungua upande mmoja ambao hawawezi kuuza. Nikisinzia mezani na vitabu, ananifunika blanketi na kuzima taa. Sijawahi kukaa na mtu mwenye moyo kama huu.

La pili ni likizo ya baridi. Najua umeshapanga niende kwa Shangazi kwa treni, kama mwaka jana. Mwaka huu siendi. Chuo kikifungwa karibu kila mtu anakwenda kwao, tunabaki wachache ambao kwetu ni mbali. Mwaka jana waliobaki walikula sikukuu kila mtu nyuma ya mlango wake. Mwaka huu tumeamua kusherehekea pamoja, na wenyeji ni mimi na mwenzangu.

Msalimie Mama sana.

Binti yako.


3 Desemba

Mwanangu, marahaba.

Mgongo unaendelea. Ulikuwa unaendelea vizuri zaidi kabla ya barua yako. Mama yako mzima, anakusalimu.

Barua niliisomea dukani, suti ya bwana harusi iko mezani inangoja kukatwa. Nilipofika "mimi na mwenzangu" nikaweka mkasi chini. Mwenzako anapika. Mwenzako anakufunika blanketi. Mama yako aliniita mimi "mwenzangu" baada ya posa, baada ya mahari, baada ya ndoa, na baada ya mtoto wa kwanza, ambaye ni wewe. Wewe neno hilo umeliokota juu ya fundi baiskeli.

Mama yako anasema nisome tena hasira ikishuka. Nimesoma tena. Neno halijahama.

Sikukupeleka huko ukawe mke wa mtu sisi tukiwa hatujui hata ukoo wake. Chuo kikifungwa, funga mizigo uende kwa Shangazi yako, na chumba hicho ukiache. Usipokwenda, usiniandikie. Barua nitakayofungua ni ile tu itakayotoka nyumbani kwake.

Baba yako.


15 Desemba

Baba, shikamoo.

Natumaini hujambo, na Mama hajambo. Mimi sijambo, ingawa barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, glavu bado mkononi.

Umesema nisiandike. Naandika.

Nimeitafuta alama ya kuuliza katika barua yako yote, sikuiona. Hukuuliza mwenzangu ni nani, anatoka wapi, anasomea nini. Uliamua, ukaamuru, ukatia sahihi. Ningeweza kukujibu kwa neno moja, ugomvi ukaisha leo hii. Neno hilo silisemi. Nikilisema utatulia, lakini utakuwa umeliamini neno, mimi utakuwa bado hujaniamini. Nilikuwa darasa la saba uliponiachia ufunguo wa duka na vitambaa vya watu ndani yake, na jioni hukunipekua. Nataka kujua ni lini nilianza kupekuliwa.

Kwa Shangazi siendi. Nampenda, na yeye anajua. Lakini mwaka huu unanituma kwake kama nguo inayorudishwa ikakaguliwe mshono.

Binti yako.


28 Desemba

Baba, shikamoo.

Jibu halijaja, nami sikulitegemea. Natumaini nyote mnaamka salama. Huku ni baridi ya kuuma masikio. Nakueleza sherehe yetu kama ilivyokuwa, kwa sababu najua Shangazi atakueleza yake.

Tuliifanyia kwenye chumba cha kufulia nguo, chini kabisa ya jengo, kwa kuwa kina joto na ndicho mwenye nyumba alichotukubalia. Mashine tulizifunika mashuka, zikawa meza. Tulikuwa saba, kila mtu na sufuria yake na lugha yake. Kuna mmoja tunamwita Meya, maana hakuna jambo asiloliundia kamati. Meya alitunga sheria moja akaibandika mlangoni: ni marufuku kuomba radhi kwa kutokwenda kwenu. Atakayevunja ataosha masufuria. Rafiki yetu mwingine, Msusi, aliyemsuka kila mtu mwenye nywele humo ndani, aliivunja kabla hatujakaa. Alikuwa kwenye simu na mama yake, tukamsikia akisema "nisamehe" kwa lugha yao, ambayo sote tumeshaijua kwa neno hilo tu. Akapewa sponji. Alilia kidogo, akacheka, akasema sheria hiyo ni ya kidikteta. Meya akasema malalamiko yapelekwe kwenye kamati.

Tukiwa katikati ya kula, mlango ukagongwa. Meya akaenda kufungua, na aproni yake na ndevu zake. Nikasikia sauti ya Shangazi.

"Wewe ndiye mwenzake?"

Meya hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, ila ni mtu wa adabu. Akaitikia kwa kichwa, akampokea mkoba, akampa kiti na sahani.

Shangazi alikula, akasifu viazi. Kisha akanivuta kando ya kikapu cha nguo chafu.

"Haya, nipeleke nikaone chumba."

"Hapana, Shangazi."

"Hapana ya nani?"

"Yangu. Chumba si changu peke yangu, na mwenzangu yuko kazini, sikukuu tanuri linawaka kutwa. Siwezi kumfungulia mtu mlango akague vitu vyake mwenyewe hayupo."

"Yuko kazini? Na huyu mwenye ndevu ni nani?"

"Huyo ni Meya."

"Meya wa mji?"

"Wa chumba cha kufulia."

"Mtoto wewe unanifanya mimi mjinga."

"Nakuongezea mchuzi, Shangazi."

Aliuchukua mchuzi. Chumba hakukiona. Aliondoka na treni ya jioni, na mimi nilimsindikiza mpaka kituoni nikimbebea mkoba, na kwenye mlango wa behewa akanirekebishia skafu shingoni.

Mwenzangu alirudi na unga kwenye nyusi. Nikamwambia yote. Nilidhani atacheka, lakini alikasirika. "Mnanivuta huku na huku kama shuka, na mimi sijaulizwa na yeyote. Hata wewe hujaniuliza." Alikuwa na haki, Baba. Nikamwuliza kama nikuandikie yeye ni nani. Akala, kisha akasema, "Usimwandikie. Lakini uongo pia usimwandikie." Kwa hiyo ukimya huu sasa ni wa watu wawili, na Meya si mwenzangu. Hilo nakuambia ili asije akapelekewa posa bure.

Binti yako.


21 Januari

Mwanangu, marahaba.

Tumepokea barua zako mbili, na moja ya Shangazi yako ambayo ni ndefu kuliko zote. Sisi wazima. Mama yako alipofika pale pa Meya alitoka nje akacheke vizuri.

Nimefikiri sana. Huko ni baridi, na mwenzako anaamka alfajiri kwenda kazini. Nina kitambaa kizito cha sufu, cheusi, kimekaa rafuni bila mwenyewe. Nimeamua kumshonea koti. Nitumie vipimo vyake: bega, mkono, urefu, kifua, kiuno na nyonga. Kifua na nyonga usisahau, koti halikai bila hivyo.

Baba yako.


4 Februari

Baba, shikamoo.

Nashukuru kusikia mko wazima. Sisi pia, isipokuwa mwenzangu anakohoa, kwa hiyo koti tunalitaka kweli, na tunashukuru kabla.

Ila mimi nimejifunza kutambaa chini ya meza yako ya kukatia. Najua kifua na nyonga vikikaa kwenye karatasi moja vinasema nini. Unataka kuniuliza kwa utepe wa kupimia, ili mdomo wako ubaki haujauliza.

Bega ni inchi kumi na saba na nusu. Mkono ishirini na tano. Urefu arobaini na mbili. Ndani ya koti huvaliwa masweta mawili, kwa hiyo kata kwa upana. Kifua, kiuno na nyonga sitoi. Ni wewe uliyekuwa ukiwatania mafundi wa jirani kwamba fundi anayetaka kila kipimo aende akashone mapazia. Tuone.

Binti yako.


2 Machi

Mwanangu, marahaba.

Sisi hatujambo. Mwambie mwenzako pole ya kikohozi, ingawa natumaini kimekwisha.

Koti limo ndani ya furushi hili. Limechelewa, na nitakueleza kwa nini. Mgongo na mikono nilivimaliza upesi. Ilipofika sehemu ya mbele nikakwama. Vifungo vya mwanamume hukaa kulia, vya mwanamke kushoto. Nikakaa na chaki mkononi, karatasi ya barua iko pembeni yangu, siku ya kwanza, siku ya pili. Wateja wakaanza kuuliza lile koti jeusi ni la msiba gani. Mama yako akaja na chai, akanitazama. "Uliza basi, au shona. Chai inapoa."

Nikashona. Mbele nimelipishanisha, nikaweka safu mbili za vifungo na matundu pande zote mbili. Linafungika kulia, linafungika kushoto. Tangu nianze kazi hii sijawahi kushona koti la namna hiyo, na asije mtu kuniagiza la pili, matundu yale yamenitoa machozi.

Usiseme umenishinda. Nilipokuwa natoboa tundu la mwisho niliona hakuna ninachotaka kujua tena ila kama litamtosha. Sikuuliza, na siulizi. Umesema ni mwenzako, basi ni mwenzako. Shangazi yako nimemwandikia aachane na habari za chumba.

Msilifue kwa maji ya moto.

Baba yako.


19 Machi

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Natumaini mmeamka salama. Sisi wazima wote wawili, na kikohozi kimekwenda zake.

Furushi limefika theluji ikiwa inayeyuka na kudondoka kwenye kingo za mapaa, kwa hiyo mwenzangu analivaa kwa ubishi tu, jasho linamtoka na halivui. Linamtosha. Bega limekaa kana kwamba ulimpima mwenyewe. Kwenye tanuri la mikate wamemwuliza amelinunua wapi, akawaambia haliuzwi. Meya naye anataka lake. Nimemwambia aunde kamati.

Swali ambalo hukuuliza, nalijibu leo. Ni msichana. Anasomea ukunga, kwao ni mbali kuliko kwetu, na anakoroma. Ni yeye aliyesema nikuandikie, maana mtu aliyemtobolea matundu pande mbili anastahili kujua anafunga upande upi. Anafunga upande wa wanaume. Anasema upepo wa mtaa wetu unapiga kutoka ule upande mwingine.

Lakini usishushe pumzi, Baba. Angekuwa mvulana ningekuandikia barua hizihizi, bila kubadilisha hata nukta. Sherehe ningeifanya, chumba nisingekifungua, na koti ningelitaka.

Binti yako yuleyule.