Kitunguu Kwenye Kangaga la Profesa

Shoga. SHOGA! Uko wapi? Nimejifungia stoo ya maabara, nacheka huku nimeziba mdomo.

Unalikumbuka lile kangaga la Profesa, mmea aliouhangaikia wiki nzima mlimani? Leo kanituma nikatekate jani lake kwa wembe kwenye kisahani, nilitie kwenye mashine inayopima wingi wa vinasaba.

Nikakata. Tatizo ni kwamba mchana nilikosa kisu, nikakatia kitunguu majani cha chakula changu. Wembe ule ule! Kisahani kile kile!

Mashine ikachora vilima viwili kwenye skrini. Kimoja cha kangaga. Cha pili, vinasaba mara mbili yake, kamili kabisa.

Profesa karuka kama kachomwa sindano. "Limejirudufisha! Seli nyingine zina vinasaba maradufu! Hivi ndivyo mmea mpya unavyozaliwa!"

Halafu akainama akakinusa kile kisahani. Akakinusa, shoga! "Hata harufu imebadilika," akasema. "Ina ukali fulani."

UKALI FULANI!!

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Akaniita "mwanangu". Mtu ambaye hata salamu huiitikia kwa nyusi! Mdomo ukajifunga wenyewe.

Sasa kesho mkuu wa chuo analeta wageni, nami nirudie kipimo mbele yao. Profesa kasisitiza, kidole juu: "Fanya vile vile ulivyofanya leo. Usibadilishe chochote."

Niambie upesi: nikaungame, au nipitie sokoni?