Siku Niliyowatoa Mtaroni

Nakusalimu kwa Kimaasai chetu: takwenya, mjukuu wangu Naserian.

Hapa Kitengela tuko salama. Babu yako ameanza kutembea tena. Umeniuliza kama hii kazi ya kusimamia ujenzi, inayokuweka huko Loitokitok, itakuja kukuridhisha.

Nilipokuwa msimamizi kijana, tulikuwa tunachimba msingi wa ghorofa hapa mjini, kwenye udongo mweusi. Asubuhi moja baada ya mvua niliona ufa ukingoni mwa mtaro, nikawaamuru mafundi wote watoke. Mwenye jengo akafoka, “Wewe msichana, unanipotezea siku!”

“Hawarudi humo mpaka tuweke mbao za kuzuia udongo,” nikamjibu.

Tukiwa bado tunabishana, ukingo uliporomoka ukafukia majembe yao. Fundi Lekishon alivua kofia, akasema polepole, “Mimi ndiye niliyekuwa nachimba hapo.”

Jioni nilisimama langoni nikiwaangalia wakienda nyumbani mmoja mmoja. Moyo wangu ulitulia kwa namna ambayo sijaweza kuieleza mpaka leo.

Ghorofa ile ilishabomolewa kupisha barabara. Jumapili iliyopita Lekishon alikuja kanisani na wajukuu wake.

Mungu akulinde pamoja na wote unaowasimamia.

Nyanya yako